Neno "charge" na ukoo wake: mwongozo kamili wa kulielewa na kulitafsiri

Chukua sentensi mbili za Kiingereza: "He was held for six days without charge" na "He was treated for six days without charge." Kilichobadilika ni kitenzi kimoja tu. Ya kwanza inasema mtu alishikiliwa siku sita bila kufunguliwa mashtaka. Ya pili inasema alitibiwa siku sita bila kulipa hata senti. Anayelijua neno hili kwa upande wa simu peke yake hapati chochote katika sentensi hizo mbili, na kamusi ndogo ikimpa orodha ya maana kumi bila kumwonyesha njia ya kuchagua, inamwongezea kiza.

Njia ya kuchagua ipo, nayo inafundishika. Mwongozo huu unamlenga anayetafsiri habari, anayesaini mkataba wa benki, anayesoma karatasi ya hospitali, anayetoa mzigo bandarini, anayeongoza watalii, na mwanafunzi aliyechoka kukariri.

Hatua ya kwanza: shika mzizi, nao ni mzigo

Warumi walikuwa na neno "carrus", gari la magurudumu, walilolipata kwa Waselti. Kutoka hapo Kilatini cha nyakati za mwisho kikaunda "carricare", kupakia gari. Kifaransa cha kale kikalilainisha likawa "chargier", kupakia au kutwika, na Waingereza, waliotawaliwa na Wanormani tangu 1066, wakalichukua kwa maana hiyohiyo ya kutwika. Maana zote zilizofuata zimekua juu ya bega hilo moja.

Mswahili hana sababu ya kuona jambo hili kuwa la ajabu, maana lugha yake inafanya vivyo hivyo. Mtu hubebeshwa lawama. Hutwikwa jukumu. Deni humwelemea. Timu ikizidiwa uwanjani tunasema imeelemewa, ingawa hakuna gunia mgongoni mwa mchezaji yeyote. Na neno letu "shehena", pamoja na "sheheni" tunapolisema kwa jahazi lililojaa, limetoka katika mzizi wa Kiarabu ambao hadi leo unapakia meli na kuchaji simu kwa pamoja: aliyewahi kununua chaja Muscat anajua kwamba dukani inaitwa "shahin". Vilevile aliyekulia Bukavu au Lubumbashi anajua kwamba kwa Kifaransa lori na simu vyote "hu-chargé". Kwa hiyo usianze na orodha ya maana. Anza na swali: nani au nini kimetwikwa, na kimetwikwa mzigo gani?

Majibu yanayokutana nasi kila siku ni sita.

Mzigo wa bei. Kiswahili chake ni kutoza, na nomino yake ni ada, tozo, gharama au makato, kutegemea mahali. Benki hukata makato, ofisi ya serikali hutoza ada, hospitali hudai gharama. "Kuchaji bei" linasikika sana mtaani na linaeleweka, lakini liache huko; katika hati andika kutoza.

Mzigo wa lawama mbele ya sheria. Hapa ni kushtaki, kufungulia mashtaka, shtaka.

Mzigo wa jukumu au ulezi. Mwenye "charge" ya wodi ameibeba wodi nzima. Tanzania ina neno zuri sana kwa hili, mfawidhi: mganga mfawidhi, muuguzi mfawidhi, hakimu mfawidhi. Kwa mdomo watu husema "inchaji", na hakuna asiyeelewa, lakini barua rasmi inataka mfawidhi, msimamizi au mkuu. Katika fungu hili weka pia amri nzito anayotwikwa mtu. Paulo anapomwandikia Timotheo katika waraka wa pili, sura ya 4, Biblia ya King James inasema "I charge thee", na ya Kiswahili inasema "nakuagiza".

Mzigo wa nguvu: umeme ndani ya betri, baruti ndani ya mzinga, gesi ndani ya friji.

Mzigo wa uzito unaokujia mwilini: kuvamia, kushambulia kwa kasi.

Mzigo juu ya mali, yaani rehani. Huu ndio unaosahaulika, na ndio unaopoteza nyumba za watu. Tutaurudia.

Hatua ya pili: soma neno dogo linalofuata

Hapa ndipo kazi nyingi inapomalizika. Kiingereza hakitofautishi maana hizi kwa kubadili kitenzi, kinazitofautisha kwa vihusishi. Kabla hujagusa kamusi, tazama kilichosimama baada ya "charge".

"Charge with" ni shtaka au jukumu. "Charged with theft" ni kushtakiwa kwa wizi. "Charged with running the clinic" ni kukabidhiwa uendeshaji wa zahanati. Ukiona kosa baada ya "with", ni mahakama; ukiona kazi, ni wadhifa. Mara chache utaona "charged with emotion", na hapo ni kujaa: hotuba iliyojaa hisia.

"Charge for" ni bei ya kitu. "They charge for parking", wanatoza maegesho. Hili ndilo linalochanganywa zaidi na la juu. "He was charged for the phone" maana yake alilipishwa simu. Hakuna aliyemshtaki. Ukiandika gazetini kwamba mtu ameshtakiwa ilhali alilipishwa, umemchafulia jina.

"Charge to" ni akaunti itakayobeba. Mgeni wa hoteli anaposema "Charge it to room 12" anataka kinywaji kiandikwe kwenye bili ya chumba namba 12, asilipe hapo kaunta.

"Charge at" ni kumjia mtu au mnyama kwa kasi ili kumdhuru.

"Charge against" ni shtaka dhidi ya mtu, au katika hesabu, kiasi kinachokatwa kwenye fungu fulani.

"Charge that" ni kudai. Gazeti likiandika "Critics charge that the law is unfair", hakuna kesi popote. Wakosoaji wanadai kwamba sheria hiyo si ya haki.

Kisha kuna jozi inayowaangusha hata wazoefu: "in charge of" na "in the charge of". Tofauti ni neno "the" tu, lakini mwelekeo wa mzigo unageuka. "The nurse is in charge of the children": muuguzi ndiye anayewasimamia watoto. "The children are in the charge of the nurse": watoto wako chini ya uangalizi wa muuguzi. Ya kwanza inamtaja anayebeba, ya pili inawataja wanaobebwa. Watoto hao, kwa Kiingereza cha zamani kidogo, wanaweza kuitwa "her charges", na hapo usitafute mashtaka wala ada: ni watoto anaowalea.

Sheria ya trafiki ya Kenya inatumia "in charge of" kwa namna inayowashangaza madereva. Kosa la ulevi halimhusu anayeendesha peke yake, linamhusu pia aliye "in charge of" gari akiwa amelewa. Mtafsiri akiandika "kuendesha gari akiwa amelewa" ameikata sheria nusu. Andika: kuendesha, kujaribu kuendesha, au kuwa na gari mikononi mwake akiwa amelewa.

Hatua ya tatu: tazama kitenzi kilichotangulia

Ikiwa "charge" ni nomino na haina kihusishi cha kukusaidia, rudi nyuma neno moja. Vitenzi vina marafiki zao. "Bring", "press", "face", "deny" na "drop" huenda na mashtaka: kufungua, kushikilia, kukabiliwa nayo, kuyakana, kuyafuta. "Pay", "incur" na "waive" huenda na gharama: kulipa, kuingia, kusamehewa. "Hold" na "lose" huenda na umeme: betri inayokaa na chaji, betri inayoishiwa. "Take charge" ni kushika usukani wa jambo. "Lead the charge" ni kuwa mstari wa mbele wa mashambulizi, hata kama mashambulizi yenyewe ni ya maneno bungeni.

Wingi nao unasema kitu. "Charges" zikiwa nyingi ni ama mashtaka ama gharama, na karibu kila mara ni moja ya hayo mawili. Umeme wa simu hausemwi kwa wingi.

Shtaka: maneno matatu ambayo hayabadilishani nafasi

Habari za mahakamani kwa Kiswahili zinakosea hapa mara nyingi kuliko mahali pengine, kwa hiyo twende taratibu. "Suspected" ni kushukiwa au kutuhumiwa. "Charged" ni kushtakiwa, yaani ameshafikishwa kwenye hatua rasmi na kuna hati ya mashtaka. "Convicted" ni kutiwa hatiani. Aliye "charged" bado hajahukumiwa, na kumwandika kuwa amehukumiwa ni kumdhulumu. Kumwandika mtuhumiwa pekee nako kunapunguza, kwa sababu hatua ya tuhuma ameshaivuka.

"Charge sheet" ni hati ya mashtaka. "Charge office", ambayo katika vituo vya polisi vya Afrika Mashariki wengi huiita chaji ofisi au kaunta, ni pale taarifa zinapoandikwa na watu kupokelewa. Haihusiani na kulipa. Mtu akielekezwa "go to the charge office" asitoe pochi.

"Held without charge" ina uzito wa pekee. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Siku hiyo ya kwanza ama asomewe mashtaka, ama aelezwe kwa nini anaendelea kushikiliwa, ama aachiwe. Ndiyo maana mwandishi aliyechagua maneno "without charge" amechagua lawama mahususi, na tafsiri "bila sababu" inaipoteza. Sababu huenda ipo. Kisichokuwepo ni mashtaka.

Rehani: "charge" inayokaa kwenye hatimiliki

Kenya, tangu Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopo unaowekewa ardhi dhamana huitwa "charge". Mwenye ardhi ni "chargor", benki ni "chargee". Tofauti ni herufi chache za mwisho, na katika mkataba wenye kurasa 20 jicho linateleza kwa urahisi. Kabla ya kusaini, chukua kalamu uandike "mimi" juu ya kila "chargor" na "benki" juu ya kila "chargee". Kisha usome upya. Utagundua wajibu ambao ulidhani ni wa mwenzako ni wako.

Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 inatumia "mortgage" kwa jambo hilohilo, na Kiswahili chake kwa nchi zote mbili ni rehani. Lakini hata Tanzania utakutana na "charge" katika mikopo ya kampuni. "Fixed charge" imeshika mali moja inayotajwa, kwa mfano jengo au mashine. "Floating charge" inaelea juu ya mali inayobadilika, kama bidhaa zilizomo ghalani leo na ambazo kesho zitakuwa nyingine. Mwenye duka anaendelea kuuza kama kawaida, lakini akishindwa kulipa, dhamana hiyo inatua na kushika chochote kilichopo siku hiyo.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kusoma "a charge over the property" kuwa ada ya nyumba, mtu akadhani kuna kiasi kidogo cha kulipa halafu yameisha. La pili ni kudhani kwamba mkopo ukimalizika rehani inajifuta. Haijifuti. Benki inatoa "discharge of charge", hati ya kuondoa rehani, na hati hiyo lazima isajiliwe ofisi ya ardhi. Isiposajiliwa, mnunuzi akifanya upekuzi miaka mitano baadaye ataikuta rehani iko palepale. Siku ya kulipa mara ya mwisho omba vitu viwili kwa pamoja: hati hiyo iliyotiwa saini na hatimiliki yako halisi.

Umeme, baruti, gesi

Kwa nini umeme ukaitwa hivi? Askari wa mizinga walikwishaita "charge" kile kipimo cha baruti kinachoshindiliwa kwa mzinga mmoja. Katika miaka ya 1740 Benjamin Franklin, akifanya majaribio yake ya umeme huko Philadelphia, alieleza chupa zake za umeme kwa lugha hiyo ya bunduki: zinashindiliwa, kisha zinafyatuka. Hata "battery" alilitoa kwa safu ya mizinga. Chaji ya simu, basi, imepita kwenye gari la Kirumi na kwenye mzinga kabla ya kufika mfukoni.

Baruti haijaondoka. "Explosive charge" katika machimbo ni kipimo cha baruti kilichowekwa kwenye tundu, na "depth charge" ni bomu linalolipukia chini ya maji kuwinda nyambizi.

Kwa sola na betri, maneno yafuatayo yanaharibu vifaa yasipoeleweka. "State of charge" ni kiasi kilichobaki. "Depth of discharge" ni kiasi kilichotumika. Hayo ni mambo mawili yanayotazamana. Betri ya lithiamu yenye maandishi "80% depth of discharge" inaruhusu utumie asilimia 80 na uache 20. Wapo wanaoisoma kinyume, wakazima vifaa ikiwa bado na asilimia 80, wakalalamika kwamba betri ni ndogo. Kwa betri ya asidi ya volti 12 kiwango salama kinachotajwa sana ni nusu: ikiwa imepumzika bila mzigo husoma karibu volti 12.7 ikijaa na karibu 12.1 hadi 12.2 ikifika nusu. "Float charge" ni chaji ndogo ya kuishikilia betri iliyokwisha kujaa, kwa asidi huwa karibu volti 13.5 hadi 13.8. Hairejeshi betri iliyoishiwa, kazi hiyo ni ya chaji kubwa ya mwanzo.

Kwenye friji, tafuta bamba dogo nyuma au karibu na kompresa. Likisema "R600a, Charge: 45 g" linamwambia fundi kwamba mfumo huo unataka gramu 45 za gesi hiyo. Si bei, si umeme. Gramu 45 ni kidogo mno kukisia kwa sikio, kwa hiyo fundi makini hutumia mizani. Gesi ikizidi, bomba la kurudi hushika barafu hadi karibu na kompresa na kompresa yenyewe huchemka. Ikipungua, barafu hutokea mwanzoni mwa sehemu ya kugandishia tu. Na R600a inawaka moto, hivyo kuipunguza karibu na jiko ni hatari.

Tembo anapokuja

Waongozaji wa watalii wanalihitaji neno hili kwa dakika moja ambayo haina muda wa kamusi. "Mock charge" ni kutishia: tembo anatanua masikio, anainua kichwa, anapiga kelele, anakuja mbio kisha anasimama. "Full charge" ni kushambulia kweli: mara nyingi masikio yamelazwa nyuma, mkonga umekunjwa ndani, na kelele hakuna. Ukimwambia mgeni "it is charging" bila kueleza ni ipi, utapata ama anayecheka ama anayeruka nje ya gari. Sema ni ipi, na kwa utulivu.

Neno lenye utajiri kuliko mama yake: "discharge"

"Dis-" hapa ni kuondoa. Kwa hiyo "discharge" ni kutua mzigo, na maana zake zote zinafunguka kwa ufunguo huo, mradi uulize tena: nani anatuliwa, na mzigo gani?

Meli inatua shehena. Kwenye hati ya shehena kuna "port of loading", bandari ya kupakilia, na "port of discharge", bandari ya kushushia. Kontena linalokwenda Lubumbashi kupitia Tanzania litaandikwa Dar es Salaam kwenye "port of discharge" na Lubumbashi kwenye "place of delivery". Mwenye mzigo anayesoma ya kwanza kana kwamba ndipo safari inapoishia anapanga usafiri vibaya, na siku zinavyokwenda kontena linaanza kuhesabiwa gharama za kukaa bandarini.

Hospitali inamtua mgonjwa: kuruhusiwa, kupewa ruhusa kurudi nyumbani. Lakini mwili nao unatua: usaha, ute, majimaji. Maana hizi mbili hukaa kwenye karatasi moja, na ndiyo sababu ya kuisoma kwa uangalifu. "Ear discharge 2/52" inasema sikio limetoa usaha kwa wiki 2, kwa kuwa madaktari huandika 52 chini kwa wiki, 7 kwa siku na 12 kwa miezi. "Discharged 14/3" inasema aliruhusiwa tarehe 14 Machi. Penye kiungo cha mwili mbele yake, ni kinachotoka mwilini. Penye tarehe kamili au jina la mgonjwa, ni ruhusa. "Discharge against medical advice" ni kuondoka kwa hiari ya mgonjwa kinyume cha ushauri wa daktari, na anayesaini anapaswa kuelezwa hivyo kwa lugha anayoijua kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mahakama inamtua mshtakiwa, na hapa kuna shimo. "Acquitted" ni kuachiwa huru kwa kutopatikana na hatia, kesi imekwisha. "Discharged" mara nyingi ni kuachiwa tu. Kenya, upande wa mashtaka ukiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anakuwa "discharged", na anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Tanzania pia, Mkurugenzi wa Mashtaka akisitisha kesi, mlango wa kuirudisha haujafungwa. Kichwa cha habari "aachiwa huru" kwa mtu wa namna hii kinamdanganya yeye na jamaa zake. Andika "aachiwa" na ueleze mwilini mwa habari kwamba anaweza kushtakiwa upya. Iko pia "absolute discharge" na "conditional discharge": hapo mahakama imemwona mtu ana kosa lakini haikumpa adhabu, ama kabisa, ama kwa sharti kwamba asitende kosa jingine kwa muda uliowekwa.

Zilizobaki zipite haraka. Askari akipewa "honourable discharge" ameruhusiwa kuondoka jeshini kwa heshima, "dishonourable" amefukuzwa. "Discharge a firearm" ni kufyatua risasi. "Discharge one's duties" ni kutekeleza majukumu, na wala si kuyaacha, ingawa sikio la Kiswahili linaweza kudhani hivyo: wajibu ni mzigo, na unatuliwa kwa kuufikisha. Wataalamu wa maji huita "discharge" kiasi cha maji ya mto yanayopita mahali fulani, kwa mita za ujazo kila sekunde.

Ndugu wengine, na waliojipachika ukoo

"Recharge" ni kujaza tena, lakini kwa watumiaji wa simu ina sura mbili. "Recharge your battery" ni umeme. "Recharge your line" ni kuongeza salio, kukwaruza vocha. Ujumbe ukisema "Please recharge" bila zaidi, na simu inawaka vizuri, ni salio.

"Overcharge" ni kulangua, kumtoza mtu kupita bei halali, au kuchaji betri kupita kiasi. "Surcharge" ni tozo ya ziada juu ya bei, ila katika fedha za umma ni kumlipisha ofisa hasara aliyoisababishia serikali, jambo zito kuliko ada. "Chargeable income" ni mapato yanayotozwa kodi baada ya makato yanayoruhusiwa. "Chargé d'affaires" ni anayeongoza ubalozi pasipo balozi, kwa kawaida tunamwita kaimu balozi.

"Charger" kwa leo ni chaja. Katika vitabu vya vita vya zamani ni farasi wa kivita. Na katika Biblia ya King James ya 1611, binti Herodia anaomba kichwa cha Yohana Mbatizaji "in a charger": ni sahani kubwa, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version imeiita kombe.

Kwa mbali zaidi, "carry" ni "charge" ileile iliyopitia Ufaransa ya kaskazini, ambako sauti ya "k" haikulainika. "Car" na "carriage" ni gari lenyewe, "cargo" ilikuja kupitia Kihispania, na "caricature" ilitoka Italia: picha iliyopakiwa kupita kiasi, pua ikawa kubwa kuliko uso. Usiwaingize "card", "chart", "care" wala "charity". Wanafanana kwa sauti tu, asili zao ni nyingine. Na gari letu, pamoja na kufanana kwake na "car", lilikuja kutoka India, kwa Kihindi "gadi".

Jipime

Fanya sentensi hizi kwa mpangilio uleule: mzigo gani, kihusishi kipi, kitenzi gani kimetangulia.

"The officer in charge charged the driver with careless driving but made no charge for towing the car." Mkuu wa kituo alimfungulia dereva mashtaka ya kuendesha kwa uzembe, lakini hakumtoza chochote kwa kuvuta gari. Matumizi matatu, mizigo mitatu: jukumu, lawama, bei.

"The regulator charges banks with protecting customers and charges them for licences." Msimamizi wa sekta anazipa benki wajibu wa kulinda wateja, na anazitoza ada ya leseni. Ukiandika kwamba anazishtaki, rudi kwenye "with" uone kama kilichofuata ni kosa au ni kazi.

"The hospital will not discharge the patient until all charges are cleared." Hospitali haitamruhusu mgonjwa kuondoka mpaka gharama zote zilipwe.

"The doctor was cleared of all charges." Daktari ameondolewa mashtaka yote. "Charges" na "cleared" ni zilezile za sentensi iliyotangulia, lakini kule zilizosafishwa ni bili na huku aliyesafishwa ni mtu. Kilichoamua ni "of".